Siku ya kocha wa judo Mtwara: sakafu kwanza, kutupa baadaye

Saa 11 alfajiri

Mizani kabla ya chai. Wanaojiandaa na mashindano wanapanda na chupi tu, wametoka msalani na hawajanywa kitu, maana glasi moja ya maji ni robo kilo na inavuruga hesabu. Kijana wa daraja la -60, yaani wasiozidi kilo 60, akisoma kilo 62 wiki tatu kabla ya safari, hakuna haja ya presha. Ugali wa muhogo wa usiku unapungua, sukari kwenye chai inakatwa, samaki na kunde vinabaki palepale.

Nisichokubali ni kukimbia umevaa nailoni ili utoe jasho. Hewa ya Mtwara imejaa unyevu, jasho halikauki upesi, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mtu anaanguka barabarani kwa joto la mwili wake mwenyewe. Isitoshe, kujikausha hakulipi sana. Uzito unapimwa jioni ya kuamkia shindano, asubuhi yake wachache wanachaguliwa kwa kura na kupimwa tena, na aliyezidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 5 hachezi. Kwa wa -60, kikomo cha asubuhi ni kilo 63. Watoto hawapunguzwi uzito kabisa. Akinenepa, apande daraja.

Saa 1 asubuhi

Sakafu. Bingwa akiwa anashindana anaikuta imetandikwa. Akishakuwa kocha, yeye ndiye mtandikaji. Tatami, yaani magodoro magumu ya mashindano, ni vipande vya mita 1 kwa 2, unene sentimita 4. Uwanja wa mita 8 kwa 8 unakula vipande 32, na ukiongeza ukingo wa usalama wa mita 3 kila upande vinafika 98. Hela hiyo hatuna, kwa hiyo tunatumia fremu ya mbao, ndani yake vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, na juu yake turubai zito lililovutwa kwa kamba pande zote.

Vumbi likiwa jipya tunajaza kina cha sentimita 15 hivi. Baada ya wiki chache za kuangukiwa linashindiliwa na kuwa gumu kama barabara, hasa katikati, ambako ndiko watu wanakotupwa zaidi. Dawa yake ni kukunja turubai, kuchimbua kwa reki, kuongeza magunia mawili matatu, kisha kusawazisha. Kabla ya kumwaga, kila gunia linachekechwa na kupitishiwa sumaku ya spika mbovu. Misumari inayonaswa humo ingekushangaza. Mvua zikianza, vumbi linanyonya unyevu na kuota ukungu, halafu mchwa wanaingia kwenye fremu. Likinuka, hulikaushi, unalimwaga lote.

Turubai nalo lisilegee. Likifanya kunjo, kidole cha mguu kinanasa, unyayo unabaki ulipo huku mwili unageuka kutupa, na goti ndilo linalolipa. Ninavua viatu na kulipitia lote kwa nyayo, kwa kuwa macho hayaoni kunjo dogo. Mwisho linapigwa deki kwa jiki, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji, na kuachwa dakika 10 kabla ya kufutwa. Choa akiingia kwenye klabu, anazunguka kwa watu wote.

Saa 3 hadi saa 9

Kibarua cha mshahara, hakina cha kusimulia. Saa ya chakula nampitia fundi cherehani. Judogi, yaani nguo zetu za judo, nyingi ni za mitumba, zinachanika kwapani na magotini. Kiraka kiwe cha pamba nzito na kishonwe kwa sindano nene, namba 18. Kikiwa cha poliesta, pamba inarudi kwenye maji nacho hakirudi, mshono unachanika tena. Mikono ya koti lazima ifike kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa mifupi, mwamuzi anakurudisha kubadilisha, na Dar huna rafiki wa kukuazima.

Saa 10 jioni

Watoto. "Shikamoo mwalimu" thelathini kwa mpigo, halafu kuanguka. Kuanguka tu, wiki nyingi, mpaka wazazi wanauliza kama ndiyo judo yenyewe.

Tunaanza umelala chali, kisha umechuchumaa, kisha umesimama, mwisho juu ya mgongo wa mwenzako aliyepiga magoti. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda. Asiyelitazama fundo, kisogo kinagonga chini. Mkono unapiga turubai kwa kiganja na mkono mzima wa chini, mbali na mwili nyuzi 30 hadi 45. Ukiwa juu zaidi ya hapo, bega linabeba kishindo. Kosa baya kuliko yote ni kutanguliza mkono nyuma ili ujizuie, kwani hapo kiwiko au mtulinga unavunjika. Mtoto mwenye woga hufanya hivyo hata ukimkataza mara mia, kwa hiyo simkatazi. Namrudisha kuchuchumaa mpaka woga uishe.

Kukaba koo na kupinda kiwiko hawafundishwi hapa kabla ya miaka 15.

Saa 11 na nusu

Wakubwa. Uchikomi, yaani kurudia kuingia kwenye mtupo bila kumtupa mwenzako, seti 5 za mara 10, kisha kutupa, kisha randori, yaani pambano la mazoezi, raundi 6 za dakika 4, muda uleule wa pambano, na dakika moja ya kupumua. Vijana waliokulia mieleka ya mchangani wana nguvu, ila mikono yao inakimbilia miguuni.

"Mwalimu, si nimemwangusha?"

"Umemwangusha kwa kushika mguu, mwanangu. Hiyo ni shido, adhabu. Zikifika tatu, umetolewa."

Bingwa anayegeuka kocha ana ugonjwa mmoja, kutaka kila mtu atupe kama yeye. Mtazame Kosei Inoue, dhahabu ya Olimpiki ya Sydney 2000 katika -100, mtu wa uchi mata, kutupa kwa kufagia paja la ndani la mpinzani. Alipewa timu ya wanaume ya Japani baada ya London 2012, ambako walirudi bila dhahabu hata moja. Rio 2016 wote saba walipata medali, Tokyo watano wakachukua dhahabu. Mmoja wao, Naohisa Takato wa -60, judo yake haifanani kabisa na ya Inoue. Hapa mfupi anapewa seoi nage, kutupa kwa kumbeba mpinzani mgongoni: magoti yakunjwe mpaka kiuno kipite chini ya mkanda wa mpinzani. Akiinamisha mgongo badala ya kukunja magoti, hatupi, anajibebesha gunia.

Umeme ukikatika, kila mtu anaachia mshiko na kukaa alipo. Hakuna kumalizia.

Saa 2 usiku

Daftari. Aliyegonga kichwa na kulalamika kinamuuma hafanyi randori kesho, hata akiapa amepona. Nauli za Dar zinahesabiwa pia: ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima kwenye basi, miguu inavimba. Tunafika siku mbili kabla ya kupima uzito, la sivyo mizani inakusomea safari.

Ukipita Mtwara na judogi iko kwenye begi, karibu. Kata kucha kabisa za mikono na miguu, uje na malapa ya kutembelea nje ya turubai.