Fundi Aliyesubiri Injini Ipoe

Dalali wa Dar alinihakikishia kwa simu kwamba gari ni Subaru Impreza STI halisi, toleo la juu la Impreza, halina shida yoyote, na kama nina wasiwasi, "fundi wetu yupo, atakukagulia bure." Mimi nilikuwa Mwanza, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka lilipo gari, na fundi wa bure wa muuzaji sikumtaka hata kwa dawa.

Nikaulizia kazini. Shemeji wa mwenzangu alikuwa na Subaru, akaniunganisha na fundi wake wa mtaa wa Gerezani, Dar, mtu wa maneno machache. Tulikubaliana mapema: nikinunua nisinunue, hela yake ipo palepale. Nusu nikamrushia kwa M-Pesa. Jina lake sikumtajia dalali, wasije wakaonana kabla ya siku yenyewe.

Alinipigia kwa video kutoka uani kwa muuzaji. Kabla ya lolote aliweka kiganja juu ya boneti.

"Dada, hii imeshawashwa. Ya moto."

Dalali akadakia kwamba waliisogeza kidogo tu wapate kuiosha. Fundi hakubishana, akavuta tairi kuukuu, akakaa, akaagiza chai na chapati. Alitaka kuisikia ikiwaka baridi, maana injini ya Subaru iliyochoka hugonga na kutoa moshi dakika za mwanzo, ikishapata moto inajifanya mpole. Chapati ikaisha, ikaja nyingine. Dalali anazunguka uani, jicho kwenye saa.

Iliwaka vizuri. Ikafuata kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, kazi ya kuudhi kwenye injini hizi: pistoni zimelala, plagi ziko pembeni zimebanana na bodi, mkono unaingia kwa kubembeleza. Silinda zote nne zikasoma karibu sawa. Nikaanza kupiga hesabu ya nauli ya kwenda kulichukua.

Akahamia kwenye breki. STI ya umbo lile ina breki za kampuni ya Brembo za rangi ya dhahabu, na hizi zilikuwa na dhahabu na jina. Akapenyeza ukucha chini ya herufi ya kwanza, ikabanduka. Stika! Kirungu cha gia kilikuwa cha kununua dukani, hakina namba, basi akakanyaga klachi akazihesabu kwa sauti. Tano. STI ina sita. Kisha akasogeza kamera kwenye kibati cha namba ya chasisi ndani ya boneti: GDA. Ingekuwa STI, ingeanza na GDB.

"Gari lenyewe zima, dada," alisema, dalali amesimama hapohapo. "Ila hii ni WRX, toleo la chini ya STI. Kwa bei ya WRX, chukua."

Nikamtajia dalali bei ya WRX. Akasema kuna mteja wa Morogoro anakuja kesho na hela mkononi. Nikamtakia heri, na fundi nikammalizia chake jioni ileile.

Wiki iliyofuata dalali akapiga. Mteja wa Morogoro hakutajwa, bei imeshuka milioni mbili. Nikamwambia ashuke tena.