Nilivyofundisha roboti kwa mita moja ya kupimia umeme na bodi za redio mbovu

Nafundisha fizikia sekondari, mkoani Morogoro. Saketi, yaani njia za umeme, nilizisoma chuoni kama wengi wetu tulivyozisoma: mchoro ubaoni, fomula chini yake, mtihani, basi. Kwa hiyo klabu ya elektroniki na roboti tuliyoianzisha baada ya vipindi ilikuwa darasa langu pia, na wanafunzi walilijua hilo tangu mwanzo. Namwandikia mwalimu mwenzangu anayetaka kuanza lakini anaona hawezi mpaka apate maabara. Atafute mita kwanza.

Namaanisha mita hizi za kupimia saketi, za bei nafuu, zenye kitufe cha kuzungusha na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Aliyenionyesha namna ya kuitumia ni fundi redio wa sokoni, mzee mpole asiyependa kubahatisha. Nikimuuliza redio ina tatizo gani, ananijibu, "Mwalimu, mimi nitajuaje? Pima." Siku moja akanipa mfuko mzima wa bodi za redio zilizokufa, na huo ndio ukawa mtaji wa klabu.

Wanafunzi walizichomoa rizista, vipuri vidogo vya kupunguza mkondo, moja moja kwa chuma cha kulehemu, wakasoma rangi zake, kisha wakahakikisha kwa mita. Nyekundu, nyekundu, kahawia: ohm 220, ohm ikiwa kipimo cha ukinzani. Mita ikasoma 214. Pakazuka ubishi. "Madam, hii si mbovu?" Nikawaambia watazame mstari wa nne, wa dhahabu, unaoruhusu asilimia 5 juu au chini. Wakapiga hesabu: kuanzia 209 hadi 231. Rizista ni nzima. Nimefundisha makosa ya vipimo miaka mingi kwa rula na bila mafanikio makubwa. Siku ile yalieleweka kabla sijafika ubaoni.

Taa ya LED ikafuata. Chanzo ni volti 5, LED nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 3 kwenye rizista ya ohm 220, hivyo mkondo ni karibu miliampea 14. Kidato cha pili wanaijua V = IR, volti ni mkondo mara ukinzani, kama wimbo. Kuiona namba waliyoikokotoa daftarini ikitokea kwenye kioo cha mita ni jambo lingine kabisa.

Bodi ya matundu, ile ya kuchomeka vipuri bila kulehemu, sikuwaeleza. Niliwapa mita ikiwa kwenye mlio, inapolia nyaya zake zikigusa sehemu mbili zilizoungana, na kuwaambia wachore ramani: tundu lipi limeungana na lipi. Walikuta matano matano yameungana, mfereji wa katikati unatenganisha pande mbili, na kwenye bodi zetu ndefu mistari ya umeme ya pembeni imekatika katikati. Hilo la mwisho vitabu vingi havilitaji, na ndilo linalofanya nusu ya saketi kukosa umeme huku kila waya ukionekana umekaa sawasawa.

Tulipofika kwenye programu tulitumia Arduino Uno, bodi ndogo inayopokea programu kutoka kwenye kompyuta na kuendesha vipuri. Mradi wa Arduino ulianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro ya bodi iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana nakala zake zimejaa madukani, Kariakoo zikiwemo, kwa bei ya chini. Nakala nyingi hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana na kompyuta. Kompyuta ikikataa kuiona bodi, weka draiva ya chipu hiyo, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua, kabla hujailaumu bodi.

Jambo la makundi halihusu umeme lakini lilinisumbua kuliko umeme. Ukiwaacha wajipange wenyewe, wavulana watashika nyaya na wasichana watapewa daftari waandike. Kila mara. Tukaweka zamu: mmoja wa nyaya, mmoja wa mita, mmoja wa kompyuta, mmoja wa kuandika, na kila kipindi mnahama. Walinung'unika, wakazoea. Sasa hivi mwenye mkono mwepesi kuliko wote wa kulehemu ni binti ambaye zamani hakuachia kalamu.

Kisha gari. Ndiyo roboti kila mtoto anaitaka: magurudumu mawili, mota mbili za njano zenye gia ndani, bodi nyekundu ya L298N ya kuziendesha. Programu ilikwisha mapema. Gari lilishtuka, likasimama, likashtuka tena. Kundi zima likahamia kwenye kompyuta kutafuta kosa. Msichana mmoja akabaki ameinama juu ya gari, akasema, "Madam, taa hii inawaka kana kwamba bodi tumeichomeka sasa hivi." Alikuwa anaitazama taa ndogo ya pini 13 kwenye Arduino, inayopepesa bodi inapoanza. Kumbe bodi ilikuwa inazimika na kuwaka upya kila mota zilipotaka kuondoka.

Tulikuwa tunatumia betri ya mraba ya volti 9. Tukaishikia mita: mota zikiwa zimetulia volti zilikuwa za kutosha, zikianza kuzunguka zinaporomoka. Betri ile inatosha kengele ya moshi. Mkondo wa kusukuma mota mbili haina. Tulihamia kwenye seli mbili za lithiamu aina ya 18650, volti 7.4 kwa pamoja. L298N yenyewe inakula karibu volti 2, hivyo mota zinapata kama 5.4, na zimetengenezwa kwa volti 3 hadi 6. Pia hasi ya betri lazima iungwe na hasi ya Arduino, la sivyo amri hazieleweki. Seli hizi zikipigwa shoti zinaweza kuwaka moto, kwa hiyo zinakaa kwenye kasha lake, zinachajiwa kwa chaja yake, na hakuna mtoto anayezibeba mfukoni na funguo. Za kuokoteza kwenye betri za kompyuta mbovu nilizikataa, ingawa mafundi wengi wanazitumia.

Vihisi vilikuwa na vituko vyao. Kihisi cha HC-SR04 hupima umbali kwa mlio usiosikika: inatuma, inasubiri mwangwi, na kila mikrosekunde 58 ni sentimita moja ya kwenda na kurudi. Mbele ya ukuta gari lilisimama vizuri. Mbele ya khanga iliyotundikwa lilipita moja kwa moja, kwa sababu kitambaa laini kinaumeza mlio. Nalo lile la kufuata mstari mweusi lilikuwa na akili asubuhi na wazimu alasiri, hadi tukagundua ni jua la dirishani: kihisi chake kinasoma mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na jua linao tele. Tukafunga dirisha, tukakishusha kihisi karibu na sakafu.

Kundi la sasa limeachana na magari, linatengeneza king'ora cha simtanki. Nyaya mbili za shaba zinaning'inia ndani; maji yakizifikia mkondo unapita na king'ora kinalia. Kilifanya kazi kwa muda, kikanyamaza. Waya wa chanya ulikuwa umeliwa na kuota ukijani, ule wa hasi ukiwa mzima, maana umeme ulipita majini mchana na usiku. Wakaandika programu upya: bodi inapeleka volti kwenye nyaya kwa sekunde moja tu kila dakika, inasoma, inakata. Shaba haijabadilika rangi tangu hapo, na mlinzi wa shule ameshauliza cha kwake kitakuwa tayari lini.