Usiku wa Kaizari, Mtwara

Leo tangu alfajiri akili yangu iko kwenye kifo cha Cinna, mshairi katika tamthilia niliyoitazama jana. Si cha Kaizari. Kaizari tulijua atakufa, hata watoto waliokaa mikekani pale mbele walijua. Cinna ndiye aliyeninyima usingizi.

Jana wanafunzi wa sekondari moja hapa Mtwara mjini waliigiza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, kwenye bwalo la shule yao, kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963, wakati hata miaka miwili ya Uhuru haijaisha, kisha akairekebisha ikatoka tena 1969. Kila nikilifikiria hilo nastaajabu. Mtu amebeba nchi changa, na bado anatafuta muda wa kukaa na tamthilia ya kiongozi anayeuawa na watu wake wa karibu.

Kitabu nilishakisoma zamani. Lakini kusoma ni kusoma, na kumwona mtu anachomwa kisu hatua chache kutoka ulipokaa ni jambo jingine. Sisi Wamakonde tunalijua hili tangu utotoni: unajua kabisa kuwa ndani ya lipiko, mchezaji wa ngoma aliyevaa kinyago, yumo mtu, pengine jirani yenu, na likikugeukia unakimbia.

Kijana aliyekuwa Kaizari alivaa shuka jeupe, kalifunga begani vizuri. Damu yao ilikuwa rosela iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Wakamzunguka, wakamchoma mmoja baada ya mwingine, na lile shuka likawa linabadilika rangi kuanzia ubavuni kwenda chini. Brutus, rafiki yake, alibaki wa mwisho. Alisita. Kaizari akamtazama, kisha akavuta ncha ya shuka akajifunika uso, ndipo akaanguka. Shemeji yangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipotugeukia sisi watazamaji. Walimu walikuwa wamewapanga wanafunzi wengine katikati yetu, wawe raia wa Roma. Brutus akapanda mezani, akaeleza kwa utulivu kwamba alimpenda Kaizari lakini aliipenda Roma zaidi. Raia wakashangilia, nasi tukashangilia. Nilipiga makofi kwa moyo wangu wote, nikiamini nimesikia haki.

Akaja Antony, rafiki mwingine wa Kaizari, ambaye hakuwa kati ya wauaji. Yeye hakumtukana mtu. Alirudia tu kwamba Brutus ni mtu wa heshima, na kila aliporudia, ile heshima ikazidi kuchakaa. Halafu akatoa karatasi: wosia wa Kaizari. Akaionyesha, akasema hapana, sitausoma, utawaumiza. Mama mmoja nyuma yangu, mtu mzima, akapaza sauti: "Tusomee baba, tusomee!" Si mwigizaji yule, kaja kumtazama mwanawe. Wosia uliposomwa, kila raia wa Roma akiwa ameachiwa drakma 75, bwalo zima lilikuwa la Antony. Nami nilikuwa wake. Muda uliopita kati ya makofi yangu ya kwanza na ya pili hautoshi hata kunywa kikombe cha chai.

Hapo ndipo anapotokea Cinna, mshairi, anapita zake njiani. Raia wanamzingira: unaitwa nani, unakwenda wapi, unaishi wapi? Anataja jina lake, na jina hilo analo pia mmoja wa wale waliomuua Kaizari. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Basi tumuue kwa mashairi yake mabaya, wanasema. Watu walicheka, kwa sababu kijana aliyemwigiza ni mdogo na ana sauti nyembamba. Wakaendelea kumpiga. Kicheko kikakatika.

Mtwara hii si ya kuhadithiwa habari hizo. Mei 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, nilikuwa ndani na milango imefungwa, nikisikia sauti za mtaani bila kujua nani anamkimbiza nani. Zipo nyumba zilizochomwa, wapo watu waliokufa. Sitaki kuanza leo kugawa makosa. Lakini jana, nikiwa nimekaa kati ya watu wanaopaza sauti, nikipaza na yangu, nilielewa jinsi mtu mpole anavyoweza kujikuta katikati ya jambo lile.

Sehemu ya mwisho, ya vita vya Philippi, ilipwaya kidogo. Vijana walishachoka na panga za maboksi zilikuwa zinakunjika. Nampongeza binti aliyekuwa Portia, mke wa Brutus. Alipomwonyesha mumewe jeraha alilojitia mwenyewe pajani ili aaminiwe kutunza siri, hakupiga kelele hata kidogo.

Tuliporudi, shemeji alishikilia kwamba mkosaji ni Brutus, maana Cassius, mwenzake katika njama, alimwonya asimruhusu Antony kusema na umma, naye hakusikia. Mimi nasema ni Antony. Alipobaki peke yake, umati umeshaondoka na mienge, alisema shari sasa imeamka, ishike njia yoyote itakayo. Alijua. Na Cinna alipouawa, yeye hakuwepo. Shemeji akaniuliza, "Na wale waliompiga je, hawana mikono yao wenyewe?" Sikuwa na jibu zuri pale barabarani, na mpaka sasa ninapoandika bado nabishana naye kichwani.