Theluji Juu, Kaktasi Chini: Desemba Yetu Arizona

Mara ya kwanza tulirudishwa. Dhoruba ilikuwa imepita usiku, na asubuhi tulipofungua pazia pale Tucson tuliuona Mlima Lemmon umekuwa mweupe kuanzia mabegani kwenda juu. Tukatoka mbio bila hata kunywa chai. Barabara inapoanza kupanda, askari alitusimamisha, akainama kuangalia matairi, akauliza kama tuna minyororo ya kufunga kwenye matairi. Hatukuwa nayo, na gari letu halivuti kwa magurudumu yote manne. Akatuonyesha pa kugeuzia. Mume wangu alinyamaza njia nzima, kisha tulipofika mlangoni akasema, "Mama, mwaka huu Krismasi hatukai ndani."

Nilijua anachosema. Kwa miaka mingi Desemba yetu ugenini imekuwa ya kukaa na simu mkononi, tukingoja za nyumbani zipigwe, tukihesabu tofauti ya saa kumi. Simu ikikatika, nyumba inakuwa kimya kuliko kabla haijalia.

Tulipanda tarehe 24, barabara ikiwa imefunguliwa kwa magari yote. Chupa ya chai ya tangawizi niliipakata mapajani. Chini kabisa, kwenye saguaro, kipimo cha gari kilisoma nyuzi 61 za Fahrenheit (kama 16 za Selsiasi), na mimi nilikuwa na sweta jepesi tu. Saguaro ndizo zile kaktasi ndefu zenye mikono iliyoinuliwa. Hukua polepole mno. Yenye mkono wa kwanza tu huenda imeshapita miaka 50. Zimejaa mteremkoni kama watu waliokuja kusikiliza mkutano.

Kisha, baada ya kona kadhaa, zikaisha. Nikamwomba mume wangu asimame. Saguaro ni maji matupu kwa ndani, na maji hayo yakiganda muda mrefu bila kuyeyuka, mmea hufa. Kwa hiyo baridi yenyewe ndiyo iliyoweka mpaka pale mlimani. Juu ya mpaka huo ni nyasi na mialoni mifupi, halafu miamba, halafu misonobari. Watu wa huku husema kupanda barabara hii ni kama kusafiri kutoka Mexico hadi Kanada kwa saa moja. Nilidhani ni maneno ya kuwavuta wageni. Siyo.

Kituo kilichonikalia moyoni ni cha maili ya saba, kwenye magofu ya kambi ya wafungwa. Barabara hii ilijengwa kwa mikono yao kuanzia miaka ya 1930. Mmoja wa waliofungwa hapo alikuwa Gordon Hirabayashi, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Seattle, raia wa Marekani aliyezaliwa na wazazi Wajapani. Wakati wa vita kuu ya pili alikataa amri ya kutotoka nje usiku na amri ya kuhamishwa iliyowalenga watu wa asili yake. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1943, akashindwa. Serikali ilikuwa haina nauli ya kumpeleka kutumikia kifungo, basi akaomba lifti barabarani mpaka Arizona, akajipeleka gerezani kwa miguu yake. Hukumu ilikuja kufutwa katika miaka ya 1980, na tangu 1999 eneo hilo la kupigia kambi linaitwa kwa jina lake. Tulitembea juu ya misingi ya saruji iliyobaki, mume wangu akivua kofia. Baridi ilikuwa imeanza kuuma, na hatukuona vibaya kwamba inauma pale.

Windy Point hatukukaa sana, upepo ulitaka kunivua skafu. Tulikunywa kikombe kimoja tukitazama jiji lililolala chini kama mchanga uliomwagwa, tukaendelea.

Summerhaven ni kijiji kidogo karibu na kilele, na siku hiyo kilikuwa na theluji ya kufika magotini. Kipimo kilisoma 29, chini ya sifuri ya Selsiasi. Mwaka 2003 moto wa msituni ulikiteketeza, nyumba zaidi ya mia tatu zikaungua, na bado unaona vigogo vilivyokauka vikisimama juu ya vilima, na miti michanga ikikupita mapajani. Tuliliacha gari tukaingia njia ya msituni mpaka sauti za watoto waliokuwa wakiteleza zikapotea. Sikuwa nimewahi kusikia ukimya wa namna ile. Theluji hunywa sauti zote. Mume wangu akaanza kuimba wimbo wa Krismasi, ule ambao kwaya yetu ilikuwa ikiingia nao kanisani, kwa Kiswahili, sauti ya nne kama zamani. Nikamshika kwa sauti ya kwanza. Tuliimba beti zote. Beti ya tatu nilikuwa naimba huku nalia, na machozi yalikuwa ya moto mashavuni kwa jinsi uso ulivyopoa.

Jioni tulikuwa tena kwenye saguaro, tumevua makoti. Jirani yetu, mama wa asili ya Mexico, alikuwa ametuachia tamale kumi na mbili mlangoni: unga wa mahindi uliotiwa nyama ya pilipili nyekundu, ukafungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Ukutani kwake alikuwa amepanga luminaria, yaani mifuko ya kaki yenye mchanga na mshumaa ndani. Nasi tukapanga zetu sita. Mtaa wote uliwaka rangi ya asali.

Siku ya Krismasi tulisali San Xavier, kanisa jeupe lililomalizika mwaka 1797 katika ardhi ya watu wa Tohono O'odham. Mnara mmoja haukumaliziwa hadi leo. Mlangoni juu kuna paka na panya wa kuchongwa wanaotazamana, na wenyeji husimulia kwamba siku paka akimkamata panya dunia itakwisha. Nje, chini ya vibanda vya miti, kina mama wa Tohono O'odham walikaanga mikate mipana iliyofanana na andazi lililotandazwa. Nilikula miwili.

Mwaka mpya ulitukuta Bisbee, mji wa kale wa migodi ya shaba ulioshikilia kuta za milima. Tuliamka saa kumi alfajiri, tukashuka bonde la Sulphur Springs mpaka Whitewater Draw, penye madimbwi ya ndege. Maji ya kando yalikuwa yameganda. Korongo wa kijivu, maelfu kwa maelfu, walikuwa wamelala wakiwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, mahali ambapo koyote, mbwa mwitu mdogo wa huku, hawezi kuwajia bila kusikika. Wanakuja kila majira ya baridi kutoka kaskazini, wengine kutoka Kanada na mbali zaidi. Mashariki, juu ya milima ya Chiricahua, kulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa.

Jua lilipochomoza wakaanza kuruka, kundi kwa kundi, wakiita kwa sauti ya kukwaruza inayotoka kifuani. Mbingu yote ikatetemeka. Mume wangu alivua glavu, akainua simu, akarekodi. Mtandao haukuwepo, basi tulipofika barabara kuu ndipo alipoutuma ujumbe kwa mama yake. Huko ilikuwa imeshafika jioni. Jibu lilikuja tukiwa bado tumeegesha, sauti ya mama mkwe ikiwa juu kidogo kwa mshangao:

"Wanangu, heri ya mwaka mpya. Hao ni ndege au ni watu? Nitumieni tena, baba yenu alikuwa uani, hakusikia."