Kutoka njia za mfongo Uru mpaka lami ya Himo: nilivyojifua kwa Kilimanjaro Marathon

Kuanzia Juni mpaka Oktoba mi nilikuwa mtu wa mlimani tu. Uru, Materuni, Kibosho, huku juu ya Moshi, zile njia za kando ya mfongo (mfereji wa Kichagga wa kumwagilia), migomba kulia kahawa kushoto, afu ghafla njia inakatika inakushusha korongoni kwenye matope. Pumzi ilikuwepo, mapaja yamekomaa. Vuli ilipoanza na kule juu kukawa utelezi mtupu nikasema basi, Februari nakimbia Kilimanjaro Marathon, ile ndefu yenyewe kilomita 42.195, sio ile ya kilomita 5 ya kupiga picha.

Sasa barabarani pumzi haikuwa shida hata kidogo. Shida ni kwamba lami haikupi zamu ya kupumzika. Mlimani hata ukikaa masaa manne unabadilisha badilisha, hapa unapanda mikono magotini, pale unashuka kwa kuruka mawe, mara unasimama pembeni mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe apite, shikamoo mama, marahaba, haya unaendelea. Kila msuli unapata zamu yake. Kwenye tambarare ni hatua ile ile, msuli ule ule, mpaka unafika. Nikianza kuelekea Himo, kabla hata jasho halijakolea mashavu ya miguu yameshakaza na nyonga zinavuta, yaani mtu anayepanda Materuni anaongea na simu anateswa na barabara ambayo haina hata kilima!

Kwa hiyo mazoezi yangu yote ya Desemba na Januari yalikuwa kitu kimoja tu, kuufundisha mwili kurudia. Raba za mlimani zenye meno niliziweka kando maana kwenye lami yale meno yanaisha haraka na mguu unagongwa vibaya, nikashuka soko la Memorial kwenye mitumba nikachambua mpaka nikapata zenye soli nene laini. Katikati ya wiki nilikuwa natumia barabara ya TPC, kiwanda cha sukari, huko kwenye miwa, tambarare kabisa, nashika pesi moja sibadilishi, na hapo ndo kazi ilipo kwa mtu wa mlima, maana sisi tumezoea kusikiliza pumzi, pakiwa pagumu unapunguza pakiwa rahisi unafungulia. Barabarani ukifungulia kila unapojisikia vizuri utakata moto mbele huko. Nikafupisha hatua pia, miguu inacheza haraka chini ya mwili, sio kurusha mguu mbali kama unavuka mtaro.

Jumapili ndo mbio ndefu, barabara ya Himo, natoka giza bado maana jua la Januari Moshi sio la kuchezea. (Na tangu Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, achukue dhahabu ya dunia Tokyo 2025, ukipita na kaptula tu vijana wa bodaboda wanakuita Simbu, nzuri ila inakufanya uongeze spidi bila sababu.) Kula nako ilibidi nijifunze upya. Mlimani unakula kiazi na andazi huku unatembea kwenye mwinuko, hapa unameza huku unakimbia, tumbo likawa linagoma, nikaanza na vipande vya ndizi mbivu na glukosi yenye chumvi kidogo, kila wiki naongeza, mpaka likakubali.

Mlima sikuuacha kabisa. Jumatano napanda kuelekea Mweka na kurudi, sababu hii mbio ina ujanja wake, nusu ya kwanza karibu yote ni barabara ya Dar kwenda na kurudi, afu kuanzia kama kilomita ya 21 mnapandishwa kuelekea Mweka mpaka ya 32 hivi, kisha mteremko mpaka uwanja wa Ushirika.

Siku yenyewe nilishika dakika 5:05 kwa kilomita kwenye tambarare, watu wananipita kwa makundi nikawaacha waende. Kwenye kupanda nikashuka kama 5:55 bila kutembea hata hatua moja, na hapo nikaanza kuwaokota wale wale, wengi wameshika viuno. Kwenye mteremko ndo nikala raha ya msimu mzima wa Uru, mapaja yameshazoea kubeba mwili ukishuka, wengine wanafunga breki mi nafungulia. Nikamaliza kwa masaa matatu na dakika 41.

Kesho yake ngazi nilishuka vizuri tu ila mashavu ya miguu hayagusiki. Wanaoniuliza kama mtu aache mlima akijiandaa na lami, kwa mbio ya Moshi nasema hapana, siku moja ya kupanda kwa wiki ibaki. Ila kama unaenda kukimbia Dar kule tambarare na joto lake, hiyo Jumatano ya Mweka ibadilishe iwe ya pesi, na anza mapema kuzoea jua.