Siku Yangu Dukani, Nikipanga Kwenda Tate Modern

Saa mbili asubuhi. Nafungua duka letu la picha hapa mtaa wa Gizenga, Zanzibar, nazitundika picha nje moja moja kabla njia haijajaa watu. Usiku dada yangu wa London kaniandikia: "Mdogo wangu, niambie leo unataka kuona nini, nikate tiketi." Mwezi ujao niko kwake, na siku ya Tate Modern, jumba la sanaa la huko, ni moja tu.

Saa nne. Mteja wa kwanza katazama, kashukuru, kaondoka. Nashika simu. Kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu. Jengo lilikuwa kituo cha kufua umeme, likafunguliwa kama jumba la sanaa mwaka 2000, na vyumba ni vingi mno. Anayetaka kuvimaliza vyote kwa siku moja atachoka miguu tu, picha asizione.

Saa sita na nusu. Jua limeingia uchochoroni, linapiga picha yangu ya majahazi. Buluu ya bahari, niliyoipaka tabaka juu ya tabaka, imepauka yote. Naiingiza ndani kivulini: rangi inarudi, hata kijani nilichotangulia kupaka chini kinachungulia. Hapo nikaamua, Mark Rothko kwanza, yule mchoraji wa Marekani. Zile picha zake kubwa za wekundu uliokolea huonyeshwa kwenye mwanga hafifu, kwa kuwa mwenyewe alitaka hivyo. Nataka nikae mbele yake mpaka macho yazoee. Sisi wachoraji wa hapa twahangaika na rangi, mwanga twamwachia Mungu.

Saa saba. Sala, wali, mchuzi wa pweza.

Saa kumi. Watalii wengi, nauza mbili. Katikati namtafuta kwenye simu mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa hapa hapa Zanzibar, 1954, aliyepelekwa Uingereza angali mchanga. Mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza. Kachora kazi zinazotokana na kanga, nakshi pamoja na maneno yake, na mimi nimekulia kwenye kanga za mama. Lakini kazi ukutani hubadilishwa, kwa hiyo dada aulize kwanza kama yake ipo, na ya Rothko vilevile.

Saa mbili usiku. Nafunga, namwandikia: asubuhi vyumba vya bure, mchana onyesho moja la kulipia.

"Moja tu?"

"Moja tu, dada. Na tuwahi mlango, wanafungua saa nne."