Nilivyofundisha uhandisi wa tetemeko nikiwa Kigoma, darasa likiwa Dar

Mhadhiri mmoja niliyesoma naye aliniomba niwafundishe wanafunzi wake wa mwaka wa nne vipindi vichache vya uhandisi wa tetemeko la ardhi. Nauli ya ndege idara haikuwa nayo, na treni ya Kigoma hadi Dar mnaijua wenyewe. Tukakubaliana nifundishe kwa video. Wapo waliodhani hiyo ni hasara. Mimi niliona afadhali, maana Bonde la Ufa liko huku, chini ya ziwa tunalolitazama kila siku.

Fomula sikuanza nazo. Niliwapa matetemeko mawili: la Desemba 5, 2005, kipimo cha 6.8, lililotokea Ziwa Tanganyika upande wa Kalemie, Kongo, na la Kagera la Septemba 10, 2016, kipimo cha 5.9. Nikauliza lipi liliua zaidi. Karibu darasa zima likajibu la 2005. Kwa nguvu walikuwa na haki, kwani nishati yake ilizidi ya Kagera zaidi ya mara ishirini. Lakini vifo vilivyoripotiwa 2005 havikufika kumi, ilhali Kagera walifariki watu zaidi ya 15 na shule kama Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. La kwanza lilipiga chini ya maji, mbali na miji mingi. La pili lilipiga karibu na makazi, kwenye nyumba nyingi za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Baada ya hapo hawakuwa na haraka ya kuuliza kipimo. Wakauliza nyumba ilijengwaje. Hapo ndipo nilipotaka wafike.

Kipindi cha pili nilitengeneza meza ya kutikisa. Niliweka ubao juu ya gololi, nikaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli pande zote mbili, halafu nikasimamisha fito tatu za mwanzi zenye urefu tofauti, kila moja na donge la udongo kichwani. Ukitikisa polepole, fito ndefu inacheza na fupi imetulia. Ukitikisa haraka, mambo yanageuka. Kanuni ya kukadiria wanaijua vitabuni: idadi ya ghorofa zidisha kwa 0.1, unapata sekunde za mtikisiko mmoja wa jengo, kwa hiyo jengo la ghorofa kumi ni kama sekunde 1. Tofauti ni kwamba safari hii waliona kwa nini nyumba ya chini na ghorofa refu, kwenye kiwanja kimoja, haviumii sawa. Gharama yote ilikuwa gololi za watoto wangu, ambao hawakufurahi.

Intaneti ndiyo ilinisumbua. Video ya moja kwa moja kutoka saiti ilikuwa inakwama kila mara, kwa hiyo nilirekodi vipande vifupi, nikavituma usiku mtandao ukiwa mwepesi. Siku ya kipindi mhadhiri alivionyesha ukutani, mimi nikaongea kwa sauti tu. Anayetaka kufundisha kutoka mkoani namshauri njia hii.

Kipande kilichopendwa zaidi kilirekodiwa kwenye nyumba inayojengwa Mwanga, hapa hapa Kigoma, na aliyekinogesha ni fundi mkuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba injinia. Leo umeleta wageni ndani ya simu?"

Nikamwomba awaonyeshe ringi za nguzo, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nondo za wima. Akaokota moja, akaonyesha ncha zilizokunjwa kuingia ndani kwa nyuzi 135. "Huyu ndiye anataka hivi," akasema akininyooshea kidole. "Mwanzo nilidhani anamaliza nondo za watu." Sababu nikaieleza mwenyewe: tetemeko linapobandua zege la nje la nguzo, ringi iliyokunjwa nyuzi 90 tu hufunguka, nondo za wima zikapinda, nguzo ikakaa chini. Ncha iliyozama katikati ya zege inashika.

Kisha akawapeleka kwenye kona. Nondo za linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, hazikuishia ukutani. Zilikunja kona na kulalia zile za upande wa pili. "Linta ni kama kamba ya tita la kuni," akasema. "Ukiikata kona, kuni zinamwagika." Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jambo hilo, na hakuna iliyonitosheleza kuliko sentensi hiyo.

Swali gumu lilihusu gebo, ile sehemu ya ukuta yenye umbo la pembetatu chini ya paa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tunaendelea kupandisha pembetatu ya tofali hadi kileleni bila kitu cha kuishika, wakati ndiyo huanguka mapema, na nje. Nilimjibu ukweli: wateja wengi wanaipenda, na wachache huuliza. Njia zipo. Mwaga mkanda wa zege wenye nondo juu ya gebo kufuata mteremko, au piga paa la miteremko minne usiwe na gebo kabisa. Bati kwa bahati ni jepesi, na paa jepesi huuvuta ukuta kwa nguvu ndogo.

Kuhusu BS 8110, mwongozo wa Uingereza wa majengo ya zege walioizoea, niliwaambia haina sura ya tetemeko, wafungue Eurocode 8, mwongozo wa Ulaya wa majengo ya kuhimili tetemeko. Hilo halikuhitaji kipindi kizima.

Mwaka huu wameniomba tena. Nimekubali kwa sharti moja: ratiba ifuate siku ya kumwaga linta, si kalenda ya chuo. Mhadhiri bado anabishana na ofisi ya ratiba.